Kitabu Juu ya Kabati

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa kumi, 1998

Imla asubuhi, mimi na wanangu wawili. Nsimire safi, ila herufi kubwa anazisahau kwa makusudi. Ashuza bado anaandika kama anavyosema. Nimemrudishia ukurasa mzima. Amenuna mpaka saa ya uji.

Shule yao ingali na askari. Wanalala madarasani tangu vita vianze, madawati wameyafanya kuni. Wazazi wengine wamehamisha watoto shule nyingine. Mimi nimekataa. Ashuza ana miaka tisa lakini mwili ni wa mtoto wa kumi na tatu, na magari ya askari yanayobeba wavulana hayaulizi umri. Nilifundisha shule ya msingi kabla ya kuolewa. Meza ninayo, chaki ninayo. Watasomea hapa.

Mwalimu Cizungu, jirani wetu wa chini, amehamia Mumosho kwa wakwe zake. Ameniachia sanduku la vitabu. Alisema nichome nisivyovitaka. Sijui kama alikuwa anatania.

Watoto wanalizungukazunguka. Nimewaambia bado.

Jumatano, tarehe 7

Nimeanza kuvipanga. Vya sasa, vya baadaye, vya kukataa.

Sheria hii ni ya zamani. Mimi na mume wangu, Papa Nsimire, tuliipanga mtoto wa kwanza alipoanza kusoma: hakuna kitabu, kanda wala filamu itakayomfikia mtoto kabla mmoja wetu hajaimaliza. Yeye alichukua vya Kifaransa, mimi vya Kiswahili. Jioni tunabishana mezani. Yeye mwepesi wa kuruhusu. Mimi mkali. Watoto wanapata kilichobaki katikati.

Alikwenda Kinshasa mwezi wa saba, mkutano wa kanisa. Mwezi wa nane vita vikaanza na nchi ikakatwa. Yeye upande ule wa serikali, sisi huku mashariki kwa waasi. Hakuna ndege, hakuna barua, ila redio ya kanisa siku ya Alhamisi.

Sasa nabishana peke yangu. Najua angesema nini kwa kila kitabu. Si sawa na kumsikia akisema.

Alhamisi, tarehe 8

Siku ya phonie, ile redio ya kanisa. Nimepanda kanisani baada ya hesabu, nimewaacha watoto na mlango umefungwa kwa ndani. Mpaka wiki iliyopita kila Alhamisi Pasta alikuwa anatafuta Kinshasa kwenye ile redio, mimi nabonyeza, nasema, naachia, nasikia sauti ya mume wangu imejaa mchanga.

Leo hakuna redio. Wamekuja watu wenye silaha, wakasema anayeongea na Kinshasa anaongea na adui. Wameondoka nayo pamoja na antena. Pasta alikuwa amekaa mbele ya meza tupu. Aliniambia pole, na mimi nikamwambia pole. Nikashuka.

Watoto nimewaambia kwamba leo phonie haikushika.

Ijumaa, tarehe 9

Kati ya vitabu vya Mwalimu kuna kimoja hakina jalada. Jina la kitabu halipo, la mwandishi halipo. Kifaransa chepesi. Nimekisoma jana na leo, sombe, majani ya muhogo ya chakula, ikaungua.

Ni habari ya msichana. Baba yake anaingia msituni kutafuta dhahabu. Anaahidi kurudi mvua zikikatika. Msichana na mama yake wanangoja. Mwishoni anakuja mtu asiyemjua, analeta mkanda wa baba. Basi. Msichana anauchukua mkanda, anaingia ndani. Kitabu kinaisha hapo.

Katikati kuna sura moja ya bar. Pombe, mwanamke wa mtu mwingine, mambo hayo. Nimekiweka juu ya kabati, chini ya blanketi. Nsimire akauliza kwa nini. Nimemwambia kwa sababu ya bar.

Jumamosi, tarehe 10

Maman Béa wa nyumba ya juu amewasha jenereta. Ana televisheni na kanda za michezo ya kuigiza, watu wanatukanana na kucheka. Nsimire aliomba aende. Nikasema hapana, sijaiona. Akasema basi nenda uione. Nikasema leo sina nafasi.

Ukweli ni kwamba sipendi kukaa kwa watu siku hizi. Wanauliza, Papa Nsimire anasema nini? Wananitazama usoni wakingoja.

Maman Béa amenikuta kwenye bomba. Mkatoliki, mwenye kicheko, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Akanirushia neno mbele ya wanawake wote: "Maman Nsimire, batoto bako unabafuga sawa kuku."

Wakacheka. Nikabeba bidoni yangu ya maji.

Nsimire ni msichana wa miaka kumi na minne. Leo hajaongea nami tangu mchana. Ashuza amelala mapema. Nyumba hii ni kubwa kuliko nilivyofikiri.

Alhamisi, tarehe 15

Nimepanda kanisani tena. Sijui kwa nini, redio haipo. Miguu imezoea. Tumeomba na Pasta, halafu tumekaa.

Kurudi, nimemkuta Nsimire amekaa kitandani kwangu. Alisema anatafuta sindano.

Jumatano, tarehe 21

Naandika ya jana.

Risasi zilianza baada ya chakula cha mchana, upande wa juu, halafu karibu. Nyumba yetu ina koridoo katikati, haina dirisha. Nikawavuta watoto humo. Mlango ukagongwa. Maman Béa na watoto wake wadogo wawili. Nyumba yake ni ya mbao. Nikawafungulia. Sote chini, magoti kwenye migongo ya wenzetu.

Watoto walilia. Nikaanza hadithi za Biblia, kwa sauti ya chini, zote nilizozijua. Tundu la simba. Bahari kugawanyika. Kila bomu likilia napoteza neno. Nikafika mahali sikukumbuka tena kitu chochote. Mimi, mwalimu. Kichwa kikawa kitupu.

Maman Béa akaanza kuimba. Wimbo wa bar, Lingala tupu, maneno ambayo ningeyafuta kwa sabuni. Aliimba taratibu kama wa kubembeleza. Mtoto wake akacheka, halafu Ashuza akacheka. Sikumzuia. Nilitamani asinyamaze.

Sauti yake ikakauka. Ndipo Nsimire akasema ana hadithi aliyoisoma kitabuni.

Kulikuwa na msichana, alisema, baba yake aliingia msituni kutafuta dhahabu.

Nikajua mara moja ni kile cha juu ya kabati. Alisimulia vizuri, sikujua kwamba anaweza. Sura ya bar akairuka. Mvua zikakatika, baba hajarudi. Mama wa msichana akaacha kuchota maji ya mume ya kuoga. Watoto wamenyamaza wote, hata risasi kama hawazisikii tena. Nilimngoja yule mtu mwenye mkanda.

Hakuja. Nsimire akasema jioni moja msichana aliona mtu anapanda njia, amekonda, ndevu mpaka kifuani, na mbwa akamtambua kabla ya watu. Akasema, "Alirudiaka."

Ashuza akauliza alileta dhahabu? Nsimire akasema kidogo tu, ya kununua mbuzi.

Maman Béa alikuwa analia. Nilifikiri ni hofu. Halafu nikakumbuka kwamba mume wake ni mchuuzi, alikwenda Shabunda kabla ya vita, na njia ya Shabunda imekatika. Tumekuwa majirani miaka yote hii. Sijawahi kumuuliza habari zake.

Giza lilipoingia kukatulia. Wamelala kwetu.

Alhamisi, tarehe 22

Sikupanda kanisani. Nimemwita Nsimire jikoni, tukichambua sambaza, vile visamaki vya ziwani.

Nimemuuliza alikisoma lini. Akasema Alhamisi ile ya sindano, na kila nilipokwenda bombani. Nilikuwa nimeandaa maneno juu ya utii. Nikamuuliza badala yake kwa nini alibadilisha mwisho.

"Ashuza alikuwa anasikia," akasema. Halafu, bila kuniangalia: "Na weye, maman, ulikuwa unasikia."

Tukaendelea na samaki. Baadaye akasema tena, polepole, kwamba anajua sikukificha kwa sababu ya bar.

Nilimwosha mikono yake kwa limao kama alipokuwa mdogo. Aliniachia.

Kumbe tumekuwa watu wawili ndani ya nyumba hii, kila mmoja na hofu ileile, kila mmoja anamficha mwenzake.

Jumapili, tarehe 1 mwezi wa kumi na moja

Ibada fupi. Watu wachache. Maman Béa ametoka misa, akapitia kwangu na mandazi kwenye kitambaa. Alikaa. Alizungumza habari za bei na za mvua. Halafu akasema alichokuja kusema.

"Ile kitabu ya Nsimire, uniazime. Nataka nisome pale baba anarudia."

Nimemwambia nitakitafuta.

Mimi ninayempimia mtoto wangu kila ukurasa. Nimesema nitakitafuta, na kiko juu ya kabati.

Jumatatu, tarehe 2

Nimefundisha vibaya. Nimemkaripia Ashuza bila sababu.

Naweza kumwambia kurasa za mwisho zimechanika. Naweza kuzichana kweli. Nimekishika kitabu mkononi na kufikiria hilo. Papa Nsimire angesema mwache yule mama na faraja yake. Nafikiri angesema hivyo. Siku hizi sina hakika tena na anachoweza kusema. Sauti yake inanipotea.

Lakini Maman Béa ni mtu mzima. Ile ni huzuni yake, si ya kwangu kuipangia.

Jumanne, tarehe 3

Nimekwenda kwake na kitabu. Ni mara yangu ya kwanza kukaa kwenye viti vyake. Televisheni imefunikwa kitambaa cha kushonwa. Picha ya mume ukutani, kijana, suruali pana.

Nimemwambia yote. Kwamba kwenye kitabu baba harudi. Kwamba ni Nsimire aliyemrudisha, pale pale kwenye koridoo, kwa ajili yetu. Kwamba kitabu ni hiki, akitaka kukisoma asome, lakini asome akijua.

Alikipokea kitabu, akakigeuza mkononi. Nilifikiri atanifukuza. Akakisukuma kitabu kwenye magoti yangu, taratibu.

"Basi mi nabakia na ya mutoto."

Akaenda kuchemsha chai. Tumekunywa. Ametaja jina la mume wake, mara nyingi, kama mtu aliyekosa mahali pa kulitajia. Mimi nikataja la wangu.

Jumamosi, tarehe 7

Nimetazama michezo ya Maman Béa, kwanza mimi na yeye tu. Ya kwanza nimeikataa. Ya pili nimecheka mpaka nikaona aibu. Jioni watoto wameitazama, mimi nimekaa nyuma yao. Ashuza aligeuka mara kwa mara kuniangalia kama kweli ninacheka.

Alhamisi, tarehe 12

Pasta alivuka mpaka kwenda Kamembe, huko simu zinatoka. Alimpata mpwa wetu aliye Ulaya. Mpwa akapiga Kinshasa.

Yuko hai.

Walimfunga kwa sababu ni mtu wa huku mashariki. Wakamwachia. Yuko kwa ndugu mmoja wa kanisa. Amekonda, amepona malaria. Njia ya kurudi haipo na hakuna anayejua itakuwapo lini.

Pasta anasema kati ya maneno yote aliyoweza kutuma, aliuliza watoto wanasoma nini sasa.

Nililia pale kanisani. Halafu nikashuka, nikapita mbele ya nyumba ya Maman Béa kwa haraka, kichwa chini. Nimepata habari na yeye hajapata. Niliona kama nimeiba kitu.

Alinifuata mwenyewe. Alikuwa ameona uso wangu. Nikamwambia. Akanishika mabega, akasema ni vizuri, ni vizuri sana, na akarudi kwake. Mchana wote sikusikia sauti yake.

Ijumaa, tarehe 13

Nimewaambia watoto kila kitu. Redio iliyochukuliwa. Kifungo. Malaria. Ashuza akauliza kama Papa atafika kabla ya Noeli. Nimesema hapana. Akauliza baada ya Noeli? Nimesema sijui.

Alilia sana. Sikumpunguzia. Nimekaa naye chini mpaka akamaliza.

Halafu aliomba hadithi ya msichana na mbwa. Nsimire akanitazama. Nimemwambia msimulie, ile yako. Kitabu nimekiweka kwenye vya baadaye. Siku Ashuza atakapokisoma, nitakuwa karibu.

Jumapili, tarehe 29

Mvua tangu asubuhi. Hatukwenda kanisani. Tumesoma na kuomba hapa, watatu. Maman Béa alituma watoto wake, tumekula pamoja nao maharage.

Mchana Nsimire akasema nywele zangu zimekaa vibaya. Amenikalisha chini, kati ya magoti yake, na kitana. Hajawahi kunisuka. Mistari yake si mizuri, anavuta sana. Sikulalamika.

Karibu na sikio vidole vyake vilisimama. Nadhani ameona mvi. Zimeingia mwaka huu. Alizigawanya, akazifunika chini ya nywele nyeusi, akaendelea kusuka.

Ashuza alikuwa amelala kwenye mkeka na mvua ilikuwa inapiga mabati.