Wimbo wa Mti wa Miiba

Mjukuu wangu Salma,

Salamu zako zimefika. Huku Wete sote wazima, na babu yako kaanza kutembea tena. Unauliza kwa nini nyimbo za Krismasi za huko ugenini uliko zinasifu miti.

Nilipokuwa na uchungu wa kumzaa mama yako, nesi Roza, Mkristo kutoka bara, aliimba polepole juu ya mti wenye miiba na matunda mekundu.

"Mti gani huo?"

"Ni Yesu, Bi Asha. Miiba ni mateso yake, wekundu ni damu yake."

Nikafumba macho. Nikamwona mama yake, Bi Maryamu, peke yake, kashika shina la mtende kwa uchungu wa uzazi, kama Kitabu chetu kisemavyo. Mimi nilishika mkono wa Roza.

Mama yako alipozaliwa na kulia, nikampa jina la Maryamu.

Bibi yako akupendaye