Mbao za Mlango Wetu

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako hajambo, goti limempoa.

Unauliza kwa nini mlango wetu hauna nakshi, ilhali baba yangu alikuwa fundi wa milango hapa Bagamoyo. Ujanani niliunda malori kwenye karakana nje kidogo ya Dar es Salaam. Chesisi, yaani fremu za chini zenye injini na magurudumu, zilikuja kwa meli, bodi tukazijenga kwa mbao. Siku moja mbao zilituishia lori moja likiwa nusu, nikamwomba baba mbao za mninga alizoniwekea kwa ajili ya mlango wa nyumba yangu.

"Chukua, mwanangu. Mlango utangoja."

Karakana ilipofungwa nilimrudia na mbao mpya. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, patasi haishikiki. Akazipapasa tu, akaniuliza lile lori lenye mbao zake lilikwenda wapi.

Sikujua.

Babu yako