Mstari Mmoja Niliouongeza

Da Felista,

Shikamoo. Nimezoea kuanza hivyo na wewe, siwezi kuanza vingine.

Jumamosi nilifika kwenu Mgeta. Habari ilinikuta mjini ukiwa umeshazikwa wiki mbili. Kaburi lako liko juu kidogo ya matuta ya kabichi, udongo bado mwekundu. Nilitaka kusema nawe palepale, nikaishia kusawazisha udongo kwa mikono. Ndiyo maana naandika.

Wewe ndiye uliyenipokea pale kiwandani kwa mchapaji. Ulinifundisha kupiga chapa hesabu kwa taipureta: unahesabu nafasi mpaka alama za sawasawa zinasimama moja chini ya nyingine, na pembeni ya kila mstari maelezo ya mwalimu, "toa tatu kila upande", "gawanya kwa mbili". Ulikuwa ukisema, "Mtoto asiyeelewa anasoma huku pembeni kwanza."

Kisha mambo yakalegezwa, watu binafsi wakaruhusiwa kutoa vitabu vya shule, bosi akanunua kompyuta. Mimi nikapelekwa kujifunza. Kile kitabu cha hesabu cha darasa la saba nilikipanga mimi. Wewe ukakisoma, ukasahihisha, ukakipitisha. Baadaye mwalimu aliyekitunga akaomba tuongeze mstari mmoja wa hesabu. Nikauongeza, sikukuonyesha. Maelezo nilikuwa nimeyaandika kwenye safu yake peke yake. Hesabu zikashuka, maelezo yakabaki juu. Kuanzia pale mpaka mwisho wa sura, kila hatua ikabeba maelezo ya mwenzake.

Mwalimu alivyokuja na kitabu mkononi! "Watoto wanaambiwa wagawanye mahali pa kutoa!" Bosi akauliza nani alisoma. Ukasema, "Nilisoma mimi." Nilikuwa nyuma yako, mimba ya miezi saba, bado niko kwenye majaribio ya kazi mpya ya kompyuta. Sikufungua mdomo. Jioni ukanishika mkono getini: "Nyamaza. Jifungue kwanza."

Orodha ya wanaopunguzwa kazi ilipobandikwa, jina lako lilikuwa la kwanza.

Nilijifungua, dada. Mtoto yuko darasa la pili sasa. Na bado nilinyamaza.

Kitabu kile kinachapishwa tena. Nimekipanga upya chote. Naiwekea kompyuta alama moja ya kupangia kabla ya sawasawa, nyingine kabla ya maelezo, basi. Mstari ukihama, maelezo yake yanahama nao. Ni rahisi. Ni rahisi mno, Da Felista, hilo ndilo linaloniliza.

Siku niliyopata habari yako nilimwambia bosi ukweli, mbele ya wote. Akanitazama. "Sasa unaniambia ili nifanye nini?"

Jumamosi nikamwambia na mama yako. Alikuwa akichambua maharage, mikono haikusimama. Akasema, "Mbona mwenyewe alituambia ni mashine iliyokosea?"

Miaka yote hiyo. Hata nyumbani kwenu hukunitaja.

Pumzika, dada yangu. Jumatatu wanaanza kazi wasichana wawili, na mimi ndiye nitakayewafundisha. Nitawafungulia ukurasa ule ulioharibika na kuwaambia kwamba niliuharibu mimi. Nitafanya hivyo kwa kila atakayekaa mbele yangu kujifunza, hadi siku nitakayoacha kazi hii.

Mdogo wako,
Rehema