Saa Sita za Kulala Chali

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mama anakula? Mimi mzima wa mwili tu, roho inawaka moto. Tangu mazishi simu hupokei, basi nakuandikia.

Nataka jina la yule muuguzi aliyemhudumia baba. Daktari alisema kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni ni kazi yake ya kila siku, na ya baba ilikwisha salama. Mimi mwenyewe nilimwona kwenye simu, amesimama, anacheka. Saa moja baadaye damu imevujia tumboni, amekufa. Nitahakikisha mwanamke yule hashiki tena hata bomba la sindano.

Kaka yako

14 Machi

Shikamoo kaka,

Sisi hatujambo kidogo. Mama anakula ukimlisha.

Muuguzi alibana kidonda cha baba kwa kiganja dakika ishirini, jasho linamtoka, kisha akamwamuru alale chali kwa saa sita, mguu umenyooka, ili tundu la mshipa lizibe. Daktari naye alitueleza mapema kwamba mshipa huweza kufumuka. Nakuomba uache, kaka.

Mdogo wako

29 Machi

Marahaba. Mama mpe pole zangu.

Niache? Wamekulisha nini hao? Jina nimelipata bila wewe. Nimewaandikia hospitali mara mbili, na jana wamejibu: amesimamishwa kazi, atahojiwa mwisho wa Aprili. Nilipiga meza kwa furaha. Bado, nataka afukuzwe, aonje uchungu wangu. Naapa kwa kaburi la baba, sitatulia mpaka aliyemuua ajulikane kwa jina.

Kaka yako

6 Aprili

Shikamoo kaka,

Mama hajambo. Keti kwanza ndipo usome.

Ulipopiga, zilikuwa zimepita saa mbili tu kati ya zile sita. Ulisema, "Simama nikuone, mzee, nijue kweli wamekutengeneza." Nikakuambia amekatazwa, ukasema nisikuharibie raha. Baba akacheka, akashika bega langu, akainuka. Simu nilishika mimi.

Ulipokata, akasema kiuno kinamuuma, uso ukamsawijika. Muuguzi alikuja mbio, akapanda kitandani, akabana kwa mikono miwili hadi wenzake walipomwondoa. Nilimweleza yote. Kwenye faili aliandika tu kwamba mgonjwa aliinuka mwenyewe. Aliniambia, "Wewe bado una mama wa kumtunza."

Siku ya mahojiano nitakwenda kusema nilimwinua mimi. Wewe sitakutaja.

Mdogo wako

24 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu sijui nianzie wapi. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Chuki yote niliyomwekea yule mama wa watu imenirudia, na ninaistahili.

Usiende kusema uongo. Niliapa aliyemuua baba atajulikana. Leo nimewaandikia hospitali barua ya tatu, jina nimelitaja, na sahihi chini yake ni yangu.

Mama naye msomee. Akiuliza nakuja lini, muulize kwanza kama bado ananitaka.

Kaka yako