Betri Niliyokuwa Nikiing'oa

Ijumaa, Ruharo, Mbarara. Mvua tangu asubuhi, viatu vimejaa matope, na leo sijali hata kidogo.

Nimefaulu.

Ngoja niandike tena, maana wiki nzima nilikuwa najiandaa kuandika kinyume chake: nimefaulu mtihani wa saketi. Hii ilikuwa nafasi yangu ya mwisho. Ningeanguka, jina langu lingefutwa kwenye kozi ya umeme, nirudi kambi ya wakimbizi ya Nakivale kulima maharage na mama. Kulima si aibu, ila mimi niliondoka nikilitangazia kanisa zima kwamba naenda kusomea umeme. Mdomo wangu umeniponza mara nyingi.

Kilichonitoa jasho ni kitu kimoja. Unapewa saketi yenye rezista chungu nzima, uirahisishe mpaka ibaki betri moja na rezista moja, zinazofanya kazi sawasawa na ule msongamano wote. Volti nilikuwa nazipata. Ukinzani ndio ulionishinda. Ili kuupata unazima betri kwanza, kisha unapiga hesabu ya rezista zilizobaki. Mimi nilikuwa naing'oa betri na kuacha pengo, kwa sababu nyumbani betri ya sola ikifa ndivyo tunavyofanya: unaitoa, unaiweka kando, waya zinaning'inia. Nilikosea hivyo muhula mzima. Tena, naungama, niliwafundisha wasichana watatu wa darasani kosa hilohilo, kwa sauti ya mtu anayejua.

Aliyenikamata ni koplo mmoja wa kambi ya jeshi hapa mjini, mwanafunzi mwenzetu, mtu mzima mwenye familia. Nilikuwa namkwepa tangu siku ya kwanza. Kwetu Kivu ya Kusini tuliwakimbia watu wenye sare, na mwili wangu haujajifunza kutofautisha sare ya huku na ya kule. Lakini Jumanne maktaba ilijaa, na kiti pekee kilichobaki kilikuwa kando yake. Akalitazama daftari langu kwa muda mrefu.

"Nyabo," akaniita, yaani bibi kwa lugha ya huku, "wewe naondoa betri kwa nini? Ile betri iko. Yake volti tu imekuwa ziro. Weka waya hapo."

Nilikasirika. Nilitaka kumcheka Kiswahili chake. Badala yake nikachora waya mahali pa betri, nikapiga hesabu upya, na jibu likalingana na lile la nyuma ya kitabu. Tukarudia maswali ya zamani mpaka maktaba ikafungwa. Nikaondoka bila hata kumshukuru, na hilo linaniuma.

Jumatano niliwatafuta wale wasichana mmoja mmoja kuwaambia nilikosea. Mmoja bado amenuna.

Leo swali la mwisho lilikuwa la vitendo. Betri ya volti kumi na mbili, rezista ya ohm mia sita ikifuatiwa na ya mia tatu. Ukifunga nyingine ya ohm mia mbili sambamba na ile ya mia tatu, itapitisha mkondo kiasi gani? Unaandika jibu kabla ya kugusa mita. Kwa njia yangu ya zamani ningeandika miliampea nane. Nikaandika kumi, kwa wino. Nikafunga waya.

Mita ikasoma tisa nukta tisa.

Nikacheka kama mwehu mbele ya watu wote, na mwalimu akatia tiki palepale.

Nimempigia mama. Amepiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Kisha akataka kujua ni nani alinifundisha. Nikamwambia ukweli: ni askari. Mama yangu huzunguka njia ya mbali ili tu asipishane na askari.

"Umuambie aksanti mingi," akasema. "Umuambie ni mama yako njo anasema vile."

Jumatatu nitamfikishia, halafu nitaongeza yangu.