Wazimu wa Quandong

Jumanne, 1 Mei

Farasi wetu Quandong ameanza tena. Anatupa kichwa kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayekataa chakula ambacho hajapewa. Anapiga sakafu kwa kwato. Mlango wa banda ameutafuna mpaka unaonekana kama mkate uliopitiwa na panya. Ukimkaribia unaona weupe wa macho tu.

Baba Mdogo Clarrie anasema ni wazimu wa kuzaliwa. Mama yake alikuwa hivyo hivyo, anasema. Mama yake nilimwona — alikuwa farasi wa kusinzia hata akipigiwa ngoma! Mimi huwajibu watu baadaye, humu daftarini. Humu huwa nashinda.

Dada Shelby, binti wa Baba Mdogo, ndiye atakayempanda kwenye mashindano ya kutenga ng'ombe Jumamosi ya wiki ijayo. Yeye anasema farasi anamwonea wivu. Wivu wa nini? Labda kope za kubandika.

Hukumu imetolewa mezani leo, Baba Mdogo akipaka mkate siagi. "Akinitia aibu mbele ya akina Hargrave, Jumatatu yake anapanda lori la machinjioni. Merrin, nipitishie chumvi."

Nikampitishia. Nilimpitishia chumvi!

Alhamisi, 3 Mei

Tangu nimalize shule nimekaa hapa kujifunza kazi, na nimeamua kujifunza kwa bidii. Kwa hiyo nimechunguza. Nimefikiri. Nimepata jibu: ni bati. Kuna bati moja limelegea juu ya banda, upepo ukivuma linagonga.

Nikapanda na nyundo. Quandong nikamwacha ndani. (Sijui nilikuwa nafikiri kwa kiungo gani.) Msumari wa kwanza, akapiga ndoo teke. Wa pili, akajigonga ukutani. Wa tatu, akachubuka bega.

Dada Shelby alikuja, akatazama bega, akanitazama juu ya paa. "Hongera, daktari. Tulikuwa na farasi mwenye wasiwasi, sasa tuna farasi mwenye wasiwasi na kidonda."

Bati limetulia kabisa. Quandong hajagundua.

Nikimpaka dawa nilimsikia akilia, mlio mrefu, akiwa ameelekeza masikio dirishani. Ng'ambo ya kilima yuko Biscuit, farasi mfupi, mzee, asiyepandwa na mtu tena. Walikuwa wakila pamoja malishoni mwaka mzima. Halafu Aprili, Baba Mdogo alimtoa Quandong ili "aandaliwe". Kuandaliwa ni hivi: unamfungia peke yake, unamvika mablanketi mawili na kofia ya kitambaa, unamwashia taa jioni adhani bado ni kiangazi asiote manyoya ya baridi, unamjaza shayiri na molasi asubuhi na jioni. Akina Hargrave, washindani wa Baba Mdogo wa miaka yote, ndivyo wanavyofanya. Farasi wao wanang'aa kama viatu vya harusi.

Shayiri nampa mimi.

Jumapili, 6 Mei

Mtaalamu wa farasi amekuja! Bwana Pennifold, kutoka pwani, na kofia nyeupe ambayo haijawahi kukutana na vumbi. Ana maikrofoni shavuni na spika kiunoni. Tulikuwa watu watatu.

Akaingia uwanjani kwa hatua za kunyata. "Ninaongea naye," akanong'ona kwenye maikrofoni. Spika ikapiga yowe. Quandong akaruka nusura atue kwa jirani.

Bwana Pennifold akafumba macho. Mmeona, akasema, huo ni msiba. Aliachwa na mtu aliyempenda angali mtoto. Dada Shelby akalia kweli kweli. Baba Mdogo akavua kofia. Mimi nilikuwa naiangalia spika.

Kisha tukaambiwa tupumue pamoja na farasi. Tukapumua. Farasi aliyeshtuka hupumua mbio sana. Baba Mdogo akaona kizunguzungu, akakalia ndoo.

Jumatatu, 7 Mei

Mvua kubwa usiku kucha. Umeme umekatika, banda limejaa maji mpaka kifundoni. Ikabidi Quandong apelekwe malishoni kwa Biscuit, bila blanketi, bila kofia, bila chochote. Shayiri nayo imelowa.

Biscuit alimnusa. Akamng'ata shingoni kidogo, kama mtu anayeuliza ulikuwa wapi wewe. Kisha wakasimama, kichwa kwa mkia, kila mmoja akimfukuzia mwenzake nzi. Quandong alikula majani mchana kutwa. Kufika alasiri alikuwa ameinamisha kichwa, mdomo wa chini umelegea, mguu mmoja wa nyuma ameupumzisha. Nilimshika masikio. Hakusogea!

Baba Mdogo akaegemea uzio. "Unamwona Pennifold? Ile pumzi!"

"Nilijua alihitaji kulia tu," akasema Dada Shelby.

Nikafungua mdomo. Nzi akaingia. Nikaufunga.

Jumatano, 9 Mei

Umeme umerudi, na Quandong amerudi bandani. Kabla ya chakula cha jioni alikuwa tayari anatupa kichwa. Baba Mdogo amempigia simu Bwana Pennifold, ambaye amesema msiba huwa unarudi, na kwamba yeye pia anaweza kurudi.

Leo nimesema. Kweli! Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Baba Mdogo, labda abaki nje na Biscuit."

"Nje? Aote manyoya kama mbuzi?"

"Lakini waamuzi hawatoi alama za manyoya."

Ni kweli. Wanaangalia unavyomchagua ng'ombe mmoja kutoka kundini, unavyomzuia asirudi kwa wenzake, unavyomzungusha kwenye nguzo za uwanjani. Hata ukija na farasi mwenye ndevu.

Dada Shelby akacheka mpaka chai ikamtoka puani. "Ameongea! Miezi yote hii bubu, leo anatufundisha farasi!"

"Akina Hargrave watakuwepo," akasema Baba Mdogo, kama mtu aliyefunga kesi.

Akina Hargrave si waamuzi. (Hili nimelisema humu.)

Ijumaa, 11 Mei

Tangu jana namwekea Quandong nyasi kavu tele na shayiri ya kuonja tu. Iliyobaki nawamwagia kuku. Leo jogoo amemfukuza Baba Mdogo kutoka kwenye gari hadi jikoni. Dada Shelby anasema jogoo naye anaomboleza.

Quandong kidogo afadhali. Kidogo tu. Bado anazunguka, bado anaita ng'ambo ya kilima.

Lori letu lina nafasi ya farasi wawili.

Jumamosi, 12 Mei

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya lori, uwanja wa mashindano. Kamba ya Biscuit nimeikalia.

Nilimpakia asubuhi wenyewe wakinywa chai. Hakuna aliyeangalia nyuma. Tulipofika nikamshusha Quandong, kisha Biscuit. Pale katikati ya farasi wanaong'aa! Manyoya ya baridi, matope, miiba mkiani, tumbo la pipa. Mzee Hargrave akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Clarrie, huyu unamuuza kwa kichwa au kwa sufu?"

Watu wakacheka. Baba Mdogo akawa mwekundu mpaka shingoni. "Nani kamleta huyu?"

"Mimi."

"Mrudishe ndani. Funga. Asionekane."

Nikamrudisha. Quandong alipoona mlango unafungwa alipiga mlio ambao ulisimamisha uwanja mzima. Akazunguka, akarudi kinyumenyume, akatawanya ndoo za watu. Dada Shelby alijaribu kutia mguu kwenye kikuku cha tandiko, akaangukia magoti. Mara ya pili vivyo hivyo. Aliponyanyuka, uso haukuwa na utani. Alikuwa anaogopa. Sikuwahi kumwona hivyo.

Baba Mdogo akaenda kwa karani, kuuliza kama jina linaweza kuondolewa. Akapita akisema bila kunitazama: lori la machinjioni la Jumatatu lina nafasi mbili vilevile.

Nikafungua mlango. Nikamleta Biscuit mpaka getini, pembeni kabisa mwa uwanja, pale kila mtu anapoona. Quandong akamnusa. Akashusha pumzi ndefu iliyotikisa mbavu. Dada Shelby akapanda.

Sasa ng'ombe wanaingizwa. Ngazi ya lori letu iko palepale getini, na Quandong amesimama hatua chache kutoka hapa, masikio yanacheza taratibu, mguu wa nyuma umepumzika. Dada Shelby ameinama, amesema kwa sauti ndogo, kama yangu kabisa, "Usimtoe hapo, mdogo wangu. Tafadhali."

Spika ya uwanja inataja jina la Dada Shelby. Baba Mdogo ametoka kwa karani, ametuona.

"Merrin! Nilisema nini juu ya huyo mbuzi?"

Mzee Hargrave na wenzake wamegeuka wote kuniangalia. Masikio yangu yanawaka moto.

"Nimesikia, Baba Mdogo," nimesema. "Hatoki."

Sijasema humu. Nimesema kwa sauti. Anakuja, anakanyaga matope kwa viatu vyake vizuri, na geti linafunguliwa, na Quandong anaingia akitembea, kichwa kimetulia.