Gari Uliloniachia Kunduchi

Kunduchi Mtongani,
Jumatano.

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Pugu, na kifua cha Mama kimetulia. Sisi huku hatujambo, ila moyo wangu mimi hauna raha, ndiyo maana nimeandika. Kwenye simu ningelia tu.

Habari ni za gari lako. Uliniambia nilitunze mpaka kaka Faraji aje kulichukua ampeleke Mama Masasi kwa ndugu zake. Nami nimelitunza! Kila asubuhi kabla ya chai nalisugua juu na chini, mpaka majirani wananitania kwamba nimeolewa na Korola. Linang'aa hadi unaweza kuchania nywele mlangoni.

Juzi nikamwita fundi Wilbert alitazame kabla ya safari. Akawa analigonga chini kwa mpini wa bisibisi, ametega sikio, akisema hapa chuma kipo, hapa hakipo. Nikamcheka. Basi akainua zulia upande wa abiria, akabonyeza kwa kidole gumba, na kidole kikapita. Wallahi Baba, niliuona mchanga wa uani kwangu kupitia sakafu ya gari! Chumvi imekula chuma kikawa kama biskuti iliyochovywa kwenye chai, na rangi ya juu nzima kabisa. Miaka yote naishi na bahari nikidhani naijua. Sijawahi kuistaajabia na kuiogopa kama siku ile.

Wilbert alisema wenye magari huku hupaka oili chafu chini ya gari na kulisuuza kwa maji yasiyo na chumvi. Kisha akaniuliza mimi naoshea maji gani.

Jana Wilbert alipokupigia akasema ni kutu kidogo tu ya upepo wa bahari, alikuwa ananisitiri, nami nikanyamaza. Si upepo, Baba. Ni mimi. Naoshea maji ya kisima changu, yale ambayo hata chai sipikii kwa jinsi yalivyo na chumvi. Miezi minane, kila asubuhi, nimelimwagia chumvi kwa mikono yangu, tena kwa mapenzi.

Tafadhali usimtume Faraji Jumamosi. Palipotoboka ni chini ya kiti anachokaaga Mama.

Msalimie sana, na ukiweza unisamehe kabla hujamwambia.

Mwanao anayekuheshimu,
Mauwa